Murumbi na Sheila: Raha za nyumba moja zilizogeuka hazina ya taifa

KILA siku maelfu ya watu hupita kwa haraka mbele ya jumba la kuhifadhia nyaraka za taifa lililoko Moi Avenue, jijini Nairobi. Wengine huegemea ukuta wake wakimsubiri rafiki waliyeagana kukutana naye penye sanamu ya hayati Tom Mboya. Wengine huabiri matatu hatua chache kutoka hapo. Jumba lenyewe lilijengwa mnamo 1906 likiwa benki, na hadi leo nguzo zake nene huwafanya wapita njia wengi kudhani kuwa ndani mna makarani na mafaili yenye vumbi tu.

Anayeingia hukutana na jambo ambalo hakulitarajia. Ukumbi wa chini umejaa vinyago, ngao, viti vya kuchongwa, ala za muziki, vyungu, mapambo na picha kutoka pembe nyingi za bara la Afrika. Nyingi ya kazi hizo hazikukusanywa na maafisa wa serikali wala na watafiti wa chuo kikuu. Zilikuwa vyombo vya nyumbani kwa mume na mkewe, watu wawili waliopenda kusafiri, kusoma, kukaribisha wageni na kupamba kuta zao.

Mume huyo ni marehemu Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, na mkewe ni Sheila, Mwingereza aliyekutana naye jijini London wakati Murumbi alipokuwa uhamishoni. Ukumbi huo, ulioitwa kwa jina lake, ulifunguliwa mnamo 2006, miaka 16 baada ya yeye kuaga dunia.

Wakenya wengi wakilisikia jina la Murumbi hukumbuka siasa, na hasa kwamba alijiuzulu wadhifa ambao wengine wangefanya lolote ili waupate. Lakini kisa cha nyumba yake kina mafunzo yake chenyewe kuhusu jinsi urithi wa taifa unavyozaliwa, unavyotunzwa na, kwa masikitiko, unavyobomolewa kwa tingatinga.

MTOTO WA NYUMBA MBILI

Murumbi alizaliwa mnamo Juni 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa, mmoja wa watu waliotoka pwani ya magharibi ya India katika eneo lililokuwa likitawaliwa na Wareno. Mama yake alikuwa Mmaasai. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa India kusoma, na hakurejea Kenya hadi miaka ya 1930, akiwa kijana aliyejua Kiingereza vizuri kuliko lugha ya mama yake.

Ni vyema msomaji wa leo akumbuke jinsi Kenya ya wakati huo ilivyopangwa. Mshahara, shule, hospitali, mtaa wa kuishi, hata choo cha kutumia, vyote vilitegemea rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi na Mgoa katikati, Mwafrika chini. Mtu mwenye baba Mgoa na elimu ya India angeweza kujisogeza katika safu ya katikati na kula mshahara wake kwa amani. Murumbi alikwenda kinyume. Badala ya jina la Zuzarte alichagua kujulikana kwa jina la Murumbi, la upande wa mama yake, na hivyo akajiweka miongoni mwa waliokuwa chini.

Alifanya kazi ya ukarani kwa miaka mingi, ikiwemo takriban mwongo mmoja nchini Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Aliporejea mapema katika miaka ya 1950 alijitosa katika chama cha Kenya African Union (KAU). Jomo Kenyatta na wenzake walipokamatwa mnamo Oktoba 1952, Murumbi alijikuta akikaimu wadhifa wa Katibu Mkuu na kushughulikia mipango ya mawakili wa kuwatetea washtakiwa huko Kapenguria. Mwaka uliofuata aliondoka nchini kwenda kuitetea Kenya ng'ambo, akapitia India na Cairo, kisha akafika London. Angekaa nje miaka tisa.

VITABU KABLA YA VINYAGO

Huko London, Murumbi alikuwa mmoja wa viongozi wa vuguvugu la kupigania uhuru wa makoloni, na baadaye akafanya kazi katika ubalozi wa Morocco. Pesa hazikuwa nyingi. Hata hivyo jiji hilo lilikuwa na kitu kimoja ambacho mtu mwenye kipato kidogo angeweza kukifurahia: maduka ya vitabu vikuukuu.

Hapo ndipo penzi lake la kukusanya lilipokomaa, na hapo ndipo alipokutana na Sheila. Mapenzi yao yalianza katika enzi ambapo mume Mwafrika na mke Mzungu wakitembea pamoja barabarani walikodolewa macho London, na wangekodolewa zaidi Nairobi.

Vitabu alivyovitafuta Murumbi vilihusu Afrika, na hasa vile vya kabla ya mwaka 1900. Ili kuelewa thamani yake, tuchukue mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili. Mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai, aliandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mnamo 1882, muda mfupi baada ya kufariki kwake. Mwanafunzi wa Kenya anayetaka kujua neno fulani lilitamkwaje Mombasa karne ya 19 hana budi kuitafuta kamusi hiyo. Ikiwa nakala zote ziko Ulaya, mwanafunzi huyo atahitaji tikiti ya ndege ili kusoma historia ya lugha ya bibi yake. Vitabu vya wasafiri, wamishenari, wapimaji wa ramani na makachero wa enzi hiyo vina dharau tele kwa Waafrika, lakini ndani ya dharau hizo mna majina ya watu, njia za biashara, bei za bidhaa na maneno ambayo hayapatikani kwingineko.

Murumbi alivinunua kimoja baada ya kingine kwa miaka mingi. Hifadhi ya taifa ilikuja kukabidhiwa takriban vitabu 8,000 vya nadra vilivyochapishwa kabla ya 1900. Idadi hiyo si ya mtu anayenunua kwa fahari ya kabati. Ni ya mtu anayeingia dukani kila Jumamosi na kutoka na karatasi kwapani, huku mkewe akijiuliza rafu nyingine itawekwa wapi.

Aidha, alikusanya stempu. Burudani hii, ambayo vijana wa simu za mkononi huenda wakaiona ya ajabu, ilikuwa somo la historia kwa bei ya senti chache. Stempu za kwanza za Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, za mwaka 1890, zilikuwa stempu za kawaida za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni juu yake. Kwa maneno mengine, nchi ilitawaliwa na kampuni ambayo haikuwa imepata hata muda wa kuchapisha stempu zake. Kuanzia 1935 zikaja zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, na utaratibu wa posta ya pamoja ukaendelea hata baada ya uhuru, hadi ushirikiano wa nchi hizo tatu uliposambaratika katika miaka ya 1970. Anayezipanga stempu hizo kwenye albamu hupanga siasa ya eneo zima bila kuandika neno.

SAFARI ZA WAZIRI

Murumbi alirejea nyumbani mnamo 1962. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1964. Kazi hiyo ilimpeleka katika miji mikuu ya mataifa yaliyokuwa yamepata uhuru juzi na jana, wakati ambapo kila nchi ilitaka kuonyesha kwamba ilikuwa na ustaarabu wake kabla ya Mzungu.

Mawaziri husafiri, na wengi hurudi na suti. Murumbi alirudi na vitambaa, sanamu na samani. Pamoja na Sheila alijifunza kutofautisha kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watalii na kile ambacho mafundi walijitengenezea wenyewe. Tofauti hiyo haionekani kwa haraka. Kente ya Ghana, kwa mfano, hufumwa kwa vipande vyembamba vya upana wa kiganja, kisha hushonwa pamoja kuwa nguo moja. Kente ya kupigwa chapa kiwandani haina mishono hiyo. Nguo za Wayoruba za rangi ya nili hufungwa au kupakwa wanga ili rangi isipenye mahali fulani, na ndipo michoro hutokea. Wakuba wa Kongo hufuma nyuzi za mti wa mwale na kuzitarizi hadi zinakuwa laini kama mahameli. Mkono uliozoea huvitambua vitu hivi kwa kuvigusa tu, na mazoea hayo hayapatikani kwa kusoma kitabu. Hupatikana sokoni, kwa kuketi na fundi, kunywa chai yake na kuuliza maswali ya kijinga.

Wawili hao hawakukwama katika vitu vya kale. Waliwanunua pia wasanii waliokuwa hai, jambo ambalo kwa fundi mwenye njaa ni muhimu kuliko sifa. Francis Nnaggenda wa Uganda, anayechonga miti na kuiunganisha na vyuma; Elkana Ong'esa wa Kisii, ambaye mawe yake ya Tabaka yalifika hadi makao makuu ya Unesco jijini Paris; Expedito Mwebe, bingwa wa kuchonga mbao; Bruce Onobrakpeya wa Nigeria; na Magdalene Odundo, mfinyanzi Mkenya ambaye leo vyungu vyake hugombaniwa na makavazi makubwa ya dunia, wote kazi zao zimo miongoni mwa hazina zinazohusishwa na Murumbi. Baadhi yao walinunuliwa kabla dunia haijawajua.

KUJIUZULU

Mnamo Februari 24, 1965, rafiki mkubwa wa Murumbi, Pio Gama Pinto, alipigwa risasi na kuuawa mbele ya nyumba yake mtaani Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Pinto naye alikuwa Mgoa kwa asili, na mauaji yake ndiyo ya kwanza ya kisiasa katika Kenya huru.

Mei 1966, baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu, Murumbi aliteuliwa Makamu wa Rais. Mwaka huohuo haukwisha kabla hajaondoka. Sababu zilizotolewa hadharani zilikuwa za afya na za kibinafsi. Waliomfahamu wamesimulia mara nyingi kwamba hakupona jeraha la kifo cha Pinto, na kwamba alichukizwa na jinsi waliopigania uhuru walivyokuwa wakijigawia ardhi. Alijiunga na kampuni ya sigara ya Rothmans, ambako alikuwa mwenyekiti.

Hapa kuna kinaya ambacho wadadisi wa siasa hawakichoki. Mtu aliyeondoka katika ofisi ya pili kwa ukubwa nchini alikwenda nyumbani Muthaiga, mtaa ambao chini ya ukoloni Mwafrika aliuingia akiwa mpishi au mtunza bustani, na huko akaishi kati ya vitabu, miti ya kiasili aliyoipenda, na vinyago. Wengine walimwona amepoteza. Yeye na Sheila waliishi kama watu waliopata likizo waliyokuwa wakiidai kwa muda mrefu.

DUKA, MUZIKI NA SAHANI

Mnamo 1970 kulifanyika maonyesho madogo jijini Nairobi. Mwenyewe alikuwa Alan Donovan, kijana Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi ya misaada nchini Nigeria wakati wa vita vya Biafra, akaiacha, akanunua gari na kuvuka bara hadi Kenya. Alikuwa amekwenda Turkana na kurudi na vitu ambavyo watu wa huko walivitumia kila siku: vigoda vya kulalia kichwa, vyombo vya maziwa, vikuku na ngozi. Murumbi na Sheila walifika, wakatazama, na wakamwomba arudi Turkana akawakusanyie vitu kama vile.

Kutokana na urafiki huo ilizaliwa African Heritage, kampuni waliyoianzisha pamoja mnamo 1972. Lilikuwa duka na ukumbi wa sanaa kutoka Afrika nzima, na kwa miongo mitatu lilikuwa mahali ambapo mgeni wa Nairobi alipelekwa na mwenyeji wake akitaka kumwonyesha kwamba jiji hili lina zaidi ya mbuga ya wanyama.

Jambo la kuvutia ni kwamba wenyewe hawakuitenga sanaa na mambo mengine ya maisha. Palikuwa na mavazi, na maonyesho ya mitindo yaliyosafiri ng'ambo. Palikuwa na muziki: bendi ya African Heritage, iliyoanzishwa mnamo 1979, ndiyo iliyomlea Job Seda, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la Ayub Ogada na kwa nyatiti yake. Na palikuwa na mkahawa katika barabara ya Banda ambapo watu walijipakulia vyakula vya Kiafrika huku bendi ikipiga.

Suala la chakula linastahili kutajwa, kwani mara nyingi waandishi wa sanaa hulipita kana kwamba wachongaji hawali. Nairobi ya baada ya uhuru ilikuwa na hoteli nyingi ambapo ungepata nyama ya kuokwa kwa mtindo wa Kiingereza na pudini, na vibanda vingi ambapo ungepata ugali na matumbo. Kati ya viwili hivyo palikuwa na pengo. Chakula cha Mwafrika hakikuonekana kuwa kitu cha kuwekewa kitambaa cha meza na kulipiwa pesa nzuri na mgeni wa heshima. Kukiweka mahali pamoja na sanamu na muziki kulikuwa ni kusema kwamba jiko nalo ni urithi. Haishangazi kwamba wazo hilo lilitoka kwa watu waliokuwa wageni na wenyeji kwa wakati mmoja. Wagoa wenyewe huweka historia yao kwenye chungu: samaki na nazi vya pwani ya India, siki na nyama vya Mreno. Wamaasai nao wana ustaarabu mzima ndani ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa kijinga cha mti maalum.

Aliyeoana na mtu wa kabila jingine anajua kwamba ndoa hujaribiwa mezani kabla ya kujaribiwa kwingineko.

MIZIZI YA TRANSMARA

Baadaye wawili hao walijenga nyumba kubwa mbali na jiji, katika shamba lao la Intona huko Transmara, eneo la jamaa za mama yake Murumbi. Neno hilo katika Kimaasai humaanisha mizizi. Nyumba ilikuwa na vyumba 35, iliyopangwa ili sanaa, samani na vitabu vipate nafasi ya kupumua.

Waliopenda kusengenya waliuliza watu wawili wanataka vyumba 35 vya nini. Jibu lilikuwa kwenye kuta. Kinyago kikubwa kikisukumwa pembeni mwa kabati la vyombo hakionekani, na picha mbili zikibanana hupigana. Isitoshe, Murumbi alikuwa mtu aliyetumia utoto wake mbali na mama yake, kwa lugha nyingine, katika shule za bweni za nchi nyingine. Kujenga nyumba kubwa katika nchi ya mama, na kuijaza Afrika yote, ni jambo ambalo huenda halihitaji maelezo marefu.

Lakini mashamba hayaendeshwi kwa vinyago. Intona haikudumu kama walivyotarajia, na nyumba yenyewe hatimaye iliachwa ikawa gofu.

AHADI ILIYOVUNJWA MUTHAIGA

Hapa ndipo kisa hiki kinapouma. Katika miaka ya 1970, Murumbi aliamua kuiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina zake kwa bei nafuu. Mkusanyo wa aina hiyo ungepata wanunuzi ng'ambo. Makubaliano, kama yanavyosimuliwa, yalikuwa kwamba nyumba hiyo ingekuwa taasisi ya masomo ya Afrika, yenye maktaba, mabweni ya watafiti na jiko. Naam, jiko. Aliyepanga mambo hayo alijua kwamba msomi kutoka Kisumu au Kampala akikaa na kitabu tangu asubuhi lazima ale.

Vitabu na kazi nyingi za sanaa zilifika mikononi mwa hifadhi ya taifa. Nyumba haikupata bahati hiyo. Ardhi yake iligawiwa watu wenye ushawishi, jengo likabomolewa na miti ikakatwa. Marafiki wa Murumbi wamesimulia kwamba alipopitia mahali hapo na kuona yaliyotendeka, alishtuka kiasi cha kupatwa na kiharusi, na siku zake zilizosalia alizimaliza katika kiti cha magurudumu. Alifariki Juni 22, 1990, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 79.

Kwa nini taasisi hiyo haikuwahi kuwepo? Wakati huo mtindo wa kugawa ardhi ya umma ulikuwa umeota mizizi. Kiwanja cha Muthaiga kilikuwa na bei. Taasisi ya masomo haikuwa na bei. Hati ya kumiliki ardhi inaweza kubadilishwa jina kwa siku moja katika ofisi ya serikali, ilhali ahadi ya kujenga maktaba haina ofisi inayoilinda. Mtu anayelikabidhi taifa mali yake bila kuweka wadhamini wenye uwezo wa kwenda mahakamani humtegemea kila waziri ajaye awe na moyo kama wake, na hilo ni jambo gumu kulitegemea.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, isiyozungumzwa sana. Kwa Wakenya wengi wa kizazi hicho vinyago vilikuwa ama vitu vya kishenzi walivyoonywa navyo kanisani, ama bidhaa za kuuziwa watalii. Ni vigumu kuwashawishi watu wapiganie nyumba iliyojaa vitu ambavyo wamefundishwa kuvionea haya.

Matokeo ya fikra hiyo yalionekana wazi zaidi katika Pwani. Vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huzisimika kwa heshima ya wazee waliofariki wa chama cha gohu, ziling'olewa usiku na vijana wenye shida ya pesa, zikauzwa katika maduka ya sanaa na kuishia katika majumba ya makavazi ya Marekani. Mwaka 2007 mbili zilirudishwa Kenya kutoka makavazi mawili ya huko, na mnamo 2019 nyingine 30 zikafuata kutoka Denver. Kila kurudi kwa vitu hivyo kulihitaji miaka ya barua, utafiti na mabishano. Ni haki kusema kwamba biashara ya sanaa ya Kiafrika ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na sura mbili: ilimlisha fundi, na wakati mwingine ilimfunika mwizi. Kukusanya kwa uangalifu, kwa kuandika kitu kimetoka wapi na kimenunuliwa kwa nani, ndiko kunakozitenganisha sura hizo.

KILICHOSALIA

Sheila aliishi miaka kumi zaidi, akafariki mnamo 2000. Murumbi alikuwa ametaka azikwe karibu na rafiki yake Pinto, ambaye kaburi lake liko katika makaburi ya City Park, Nairobi. Alizikwa kando ya makaburi hayo, na Sheila akalazwa ubavuni pake.

Hata hapo hawakuachwa kwa amani. City Park, bustani maarufu kwa miti yake mikubwa na kima wanaowapokonya watu njugu, ilikuwa imemegwa pande kadhaa na wanyakuzi wa ardhi, na hofu ilikuwa kwamba makaburi hayo mawili yangemezwa. Kundi la wapenzi wa bustani hiyo, pamoja na wakfu wa Murumbi Trust uliohusishwa na Donovan, walipiga kelele hadi ikatangazwa kuwa turathi inayolindwa na sheria. Mwaka 2009 palizinduliwa bustani ya kumbukumbu mahali walipozikwa, yenye sanamu za wasanii waliokuwa wakinunuliwa na wawili hao, wakiwemo Nnaggenda na Ong'esa.

African Heritage ilifunga milango yake mapema katika miaka ya 2000, baada ya utalii na uchumi kudorora. Donovan alibaki katika nyumba yake inayotazama Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyojengwa kwa mfano wa majengo ya udongo ya Afrika Magharibi. Nayo ilikaribia kupitiwa na reli mpya ya kisasa kabla ya kutangazwa kuwa turathi ya taifa mnamo 2016. Aliaga dunia Desemba 2021.

Sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi na Sheila imekuwa ikionyeshwa tangu 2013 katika Nairobi Gallery, jengo la mawe lililoko pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo hilo la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilisajiliwa enzi za ukoloni. Umbali wa kutoka Nairobi kwenda miji mingine ulihesabiwa kuanzia hapo. Msomaji aliyewahi kuona kibao cha kilomita huko Naivasha au Voi tayari ana uhusiano nalo bila kujua.

Vyumba vyake ni vidogo, na hilo ni jambo jema, kwani mgeni huhisi ameingia sebuleni mwa mtu. Mna samani zao, vitambaa, vito, stempu na picha. Kazi zenyewe hazikupangwa kwa karne wala kwa kabila kama ilivyo kawaida ya makavazi, bali jinsi watu wawili waliopendana walivyozipanga walipokuwa wakiishi nazo: kiti karibu na dirisha, kitambaa juu ya kiti, kinyago kikimtazama anayeingia.

Atakayetaka kuvifuata vitu hivi vyote kwa siku moja anaweza kuanza asubuhi Moi Avenue, akatembea hadi mwisho wa Kenyatta Avenue kwa miguu, kisha akaabiri matatu ya kuelekea Parklands na kushuka City Park. Makaburi mawili yako upande wa ndani, chini ya miti, na la Pinto liko ng'ambo ya ua. Njugu ni bora ziachwe nyumbani.